Shangazi, nimeishiwa maneno ya kuomba

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 33, huu ni mwaka wa sita wa ndoa na hatujapata mtoto. Kila nikichelewa hata siku mbili nanunua kipimo, nakaa nacho bafuni nakiangalia mpaka kinakauka, mstari ni ule ule mmoja, nakiviringisha kwenye tishu nakisukuma chini kabisa ya dastibini mume wangu asikione. Mimi nilishapima nikaambiwa niko sawa. Yeye hataki kupima, anasema tumwachie Mungu. Mwezi uliopita mdogo wangu kajifungua, nilimpakata mtoto nikafurahi kweli kabisa, usiku nikalia mpaka kunakucha. Siku hizi nikipiga magoti maneno hayaji. Ndo imani imeisha? Na nikienda kupandikiza mimba hospitali nitakuwa nimemkosea Mungu?
Mchovu

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila nikifika kwenye hiyo tishu nasimama, maana nami nilikuwa na dastibini yangu. Tumbo langu halikuwahi kuzaa. Wanaoniita mama wapo wawili, nimewalea tangu wadogo, lakini kabla yao kuna miaka nilikuwa nahesabu siku kama mfungwa kwahiyo nakujibu kama mtu aliyepita hapo hapo.

Nianze na magoti. Imani haijaisha, ingeisha usingekuwa unapiga magoti kabisa. Msome tena Hana, kitabu cha kwanza cha Samweli sura ya kwanza kabisa. Alikuwa analia hali chakula, akaenda kuomba midomo inacheza tu sauti haitoki, mpaka kuhani Eli akadhani kalewa! Na wenzetu Waislamu wanamjua Nabii Zakaria, mifupa imechoka kichwa kimejaa mvi, akamwita Mola wake kwa sauti ya siri. Hao ndo tunaofundishwa kuwa waliomba vizuri. Basi kaa hapo kimya, lia, ukimaliza inuka ulale, hiyo ni sala tosha. Na kumfurahia mtoto wa mdogo wako mchana halafu usiku ukalia, hayo sio wivu wala unafiki, ni vitu viwili vya kweli kwenye moyo mmoja.

Sasa mume wako. Hapa naomba nisiwe mpole sana. Shirika la Afya Duniani linahesabu tatizo la uzazi kuanzia miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga na mimba haijaingia, na mwaka 2023 lilisema karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia hali hii maishani, wanawake kwa wanaume. Karibu nusu ya wenza wanaohangaika, upande wa mwanaume nao una mchango, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Nyie mna miaka sita na aliyepimwa ni mmoja, yaani nusu ya swali halijaulizwa bado. Kumwachia Mungu ni kuzuri lakini kikombe cha kutolea mbegu hakimzuii Mungu kufanya kazi yake.

Wanaume wengi wanaogopa kwa sababu wanachanganya nguvu za kitandani na mbegu. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote na mbegu zikawa chache, au hazitembei, au hazipo kabisa. Inaweza kuwa mishipa iliyovimba kwenye korodani, maambukizi ya zamani, njia imeziba, au hata zile sindano za homoni za kujenga misuli ambazo zinauambia mwili uache kutengeneza mbegu, na mengi ya hayo yana matibabu. Kipimo chenyewe ni kukaa siku 2 mpaka 7 bila kutoa mbegu halafu anapeleka sampuli, basi. Yakija majibu mabaya asikate tamaa papo hapo, watarudia baada ya miezi kama mitatu hivi maana mbegu mpya zinachukua takriban siku 70 na kitu kutengenezwa.

Na wewe, hilo neno "uko sawa" likaulizie vizuri, walipima nini hasa? Kuna kupima homoni, kuna ultrasaundi, na kuna ile picha ya mirija wanayopitisha dawa kwenye mlango wa kizazi waone kama inapita. Wengi wanaambiwa wako sawa na mirija haijawahi kuangaliwa. Usingoje sana, ukishavuka 35 madaktari wenyewe wanasema usivuke hata miezi sita bila kwenda kuonwa.

Kuhusu kupandikiza, yaani yai na mbegu vinakutanishwa maabara halafu mimba changa inawekwa kwenye kizazi. Mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa njia hiyo ni Louise Brown, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, mama yake mirija ilikuwa imeziba na walishahangaika miaka tisa. Kama ni dhambi au sio dhambi sitakudanganya, dini hazijibu sawa. Kanisa Katoliki linakataa kutunga mimba nje ya mwili, makanisa mengi ya Kiprotestanti yanaacha kwa dhamiri ya wenye ndoa, na masheikh wengi wa Sunni wanaruhusu ilimradi yai ni la mke, mbegu ni za mume na hakuna mtu wa tatu. Kaongee na kiongozi wako wa imani, na mume wako awepo. Ila kwa maoni yangu mimi, mikono ya daktari nayo iliumbwa. Mkiamua kwenda, kaeni kabla mpange mtajaribu mara ngapi na mtatumia hela kiasi gani, maana mara nyingi haishiki raundi ya kwanza na mtu akiwa katikati ya maumivu hawezi kupanga.

Utamwambiaje? Sio kwenye ugomvi, na sio mbele ya mama yake. Mwezi huu kipimo kikionesha mstari mmoja usikitupe, mwite aje hapo bafuni akione, mwambie mume wangu hii ndo naficha kila mwezi, nimechoka kuangalia peke yangu, twende wote. Inawezekana naye ana pa kulia kwake ambapo hujawahi kupaona.

Niandikie mkishapata majibu yake, hata yakiwa sio mliyotaka.