Heroe hapatikani Natron

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandaa maelezo ya picha za ndege wa ardhioevu. Chini ya picha moja niliandika: "Heroe wadogo ni ndege zinazopatikana katika maziwa ya Natron, Bogoria na Nakuru." Mwenzangu amefuta "zinazopatikana" akaandika "wanaopatikana". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi. Ndege mwenye mbawa na damu ni kiumbe hai, kwa hiyo ni ndege huyu, ndege hawa, ndege wameruka. Ndege ya abiria ni chombo, nayo ni ndege hii, ndege hizi, ndege zimeruka. Ukiandika "ndege zimetua ziwani", msomaji makini atauliza kama abiria wameokolewa. Nimefurahi pia kwamba umeandika heroe, maana wengi wameshalitupa neno hilo wakakimbilia flamingo.

Lakini mwenzako ameondoa kibanzi, boriti ameiacha palepale. Boriti yenyewe ni kupatikana.

Neno hili limeganda kwenye maelezo ya wanyama kama kupe. Fungua ukurasa wowote unaoeleza ndege: hupatikana Afrika, hupatikana vinamasini, hupatikana kusini mwa Sahara. Mwandishi akishaliandika hujiona amemaliza kazi, kumbe hajaanza. Shina lake ni pata, na mnyambuliko wa -ikana, kama katika onekana, julikana na wezekana, huonyesha kwamba jambo linawezekana. Kinachopatikana ni kile ambacho mtu anaweza kukipata. Ndiyo maana tunasema dawa zinapatikana, nafasi haipatikani, mtoto aliyepotea amepatikana. Lazima awepo anayetafuta. Heroe hakupotea, wala hayuko sokoni.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba neno hilo linaficha kile ambacho ndege anakifanya mahali hapo. Tazama sentensi yako. Umeyapanga maziwa matatu kwenye mstari mmoja kana kwamba heroe ana shughuli moja kote. Bogoria na Nakuru huenda kula. Huinamisha shingo hadi mdomo uwe juu chini majini, ulimi ukasukuma maji kuingia na kutoka, na vichujio vya mdomoni vikabakiza spirulina, mwani mdogo unaostawi kwenye maji ya magadi. Rangi yake ya waridi hutokana na chakula hicho.

Natron ni habari nyingine kabisa. Huko huenda kutaga. Katika Afrika Mashariki ndilo ziwa pekee ambalo heroe wadogo hulitegemea kuzaliana mara kwa mara. Dume na jike hujenga kichuguu cha matope, jike akataga yai moja tu juu yake, nao wakapokezana kulilalia. Matope na maji makali ya magadi huwazuia wanyama wengi wawindao kufika kwenye viota. Kinda huanguliwa wa kijivu, mdomo wake ukiwa bado umenyooka. Yote hayo umeyafunika kwa "wanaopatikana". Msomaji wako akisikia kesho kwamba Natron imeharibiwa, atasema si neno, Bogoria na Nakuru bado zipo. Sentensi yako ndiyo itakayokuwa imempotosha.

Tena neno hili halijui wakati. Maji ya Nakuru yalipopanda katika miaka ya 2010, magadi yalizimuka, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahama. Maandishi yakabaki vilevile: hupatikana Nakuru. Kitenzi kinachotaja kula kingemfanya mwandishi ajiulize kama chakula bado kipo.

Korongo mweupe ameonewa zaidi. "Hupatikana Ulaya na Afrika", basi. Korongo huyu hutaga Ulaya, kisha baridi ikikaribia hushuka Afrika, na kwa kuwa huruka kwa kupandishwa na hewa ya moto itokayo ardhini, hukwepa bahari pana na kuvukia penye wembamba, Gibraltar upande wa magharibi au Bosporus upande wa mashariki. Mwaka 1822 karibu na Klütz, Ujerumani, alionekana korongo aliyechomwa mkuki wa Kiafrika shingoni, wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Alikuwa amesafiri nao mpaka huko. Wakati huo watu wa Ulaya walikuwa bado wakibishana ndege huenda wapi majira ya baridi, na mkuki ule ulikuwa ushahidi usiopingika. Hadi leo mwili wake uliokaushwa umo kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki ukiwa shingoni. Ndege aliyebeba jibu mwilini mwake kutoka bara moja hadi jingine, sisi tunamwandikia kwamba anapatikana!

Kuna na yule ndege mwenye vidole virefu mno anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Eti hupatikana madimbwini. Dume ndiye anayelalia mayai, na hatari ikija huwabana makinda chini ya mbawa akaondoka nao, vijiguu vyao vikining'inia nje. Neno gani hapo linafaa kuanzia sentensi, kulea au kupatikana?

Kiswahili hakina njaa ya vitenzi. Ndege hukaa, hutua, hutaga, huatamia, hulea, hupita, huhama, hurejea. Kama unachojua ni kwamba watu humwona mahali fulani, sema huonekana, neno lenye mnyambuliko uleule na lisilohitaji mnunuzi. Najua kupatikana kumeshaota mizizi, na kwenye jedwali la spishi na nchi nitalipita kimya. Kwenye sentensi inayomweleza ndege sitalipita.

Maelezo ya picha yako basi, ukishahakikisha kwamba chakula bado kipo Nakuru, yaandike hivi: "Heroe wadogo hula katika maziwa ya Bogoria na Nakuru, na huenda Natron kutaga." Kama pichani kuna vichuguu vya matope vyenye mayai, anza na Natron.