Daftari Liko Nyumbani kwa Mwenyekiti

SWALI: Shikamoo mama. Tuko watu 14, tunatunza visiki hai mashambani, yaani mashina ya miti iliyokatwa yanayochipua tena, tangu 2019. Mfadhili ameomba katiba na hesabu zetu. Tuna daftari moja tu, na analo mwenyekiti nyumbani. Tuajiri msomi kutoka mjini? – Katibu, Chamwino

JIBU: Marahaba mwanangu. Msomi asubiri kwanza. Nilikuwa mhazini wa kikundi cha miche Kondoa miaka tisa. Mwaka wa tatu nusura tuvunjike kwa fedha za viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche: viriba vilinunuliwa kweli, risiti hazikuwepo, wanachama wakaacha kuja. Tulipona kwa akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na risiti kusomwa mbele ya wote kila kikao. Kumwomba mwenyekiti wetu aachie daftari kulichukua miezi. Wenu mwendeeni kwa heshima, wazee wawili watangulie. Bila yeye msingekuwepo.

Hesabuni pia visiki, shamba kwa shamba: vingapi vimechipua, vingapi vimevuka kiangazi. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), ulioanza 1973 kuzuia mmomonyoko, uliondoa mifugo Kondoa kwa amri mwaka 1979. Ninyi mnategemea ridhaa ya wakulima, kwa hiyo namba hizo wasomeeni wao kabla ya mfadhili.

Kuhusu usajili, muoneni ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Mkikua mkawa shirika lisilo la kiserikali (NGO), sheria ya 2002 inadai taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Hapo mtafuteni mhasibu, hata wa siku mbili kwa mwezi. Vikao vibaki kijijini.