Kuuliza si kumsaliti mteja
Mdogo wangu, unauliza kama unaweza kuomba ushauri kuhusu wale ndugu wawili uliowaandikia mkataba wa kiwanja, na sasa mmoja anataka umshtaki mwenzake. Unaweza, ila uliza kwa mfano wa kubuni tu, bila majina wala mtaa. Kigoma watu wanajuana mno, kidokezo kimoja kinatosha kumfichua mtu. Tafuta wakili mkongwe asiye na maslahi, hata wa Tabora, au Chama cha Mawakili Tanganyika. Kamati ya Mawakili kazi yake ni mashauri ya nidhamu, huko si kwa kuombea ushauri. Marekani, kanuni ya 1.6 katika kanuni za kielelezo za maadili za chama cha mawakili cha huko (ABA) inamruhusu wakili kufichua habari za mteja kwa kiasi cha lazima ili apate ushauri wa maadili. Kwa sasa usipokee hiyo kesi, maana wote wawili uliwaandikia mkataba.