Maswali ya wasomaji: Nikinyanyuka tu analia, nimemdekeza?

SWALI: Habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa miezi 9 na nusu, ndo wa kwanza. Sa hivi siwezi kwenda hata chooni, nikinyanyuka tu analia kama kapigwa, na wageni ndo kabisa hataki hata kuangaliwa, wakati alipokuwa na miezi minne alikuwa anacheka na kila mtu. Halafu hatambai, anakaa kitako vizuri tu ila akitaka kitu anajiburuza kwa makalio, wa jirani wanayelingana umri keshaanza kusimama dede. Mama mkwe anasema nimemdekeza kwa kumbeba, eti nimuache alie mpaka azoee ndo na miguu itachangamka. Nifanyeje? (Mama wa kwanza)

JIBU: Dada, hapo kuna mambo mawili yamechanganywa, la miguu na la kilio, na la miguu ndo jepesi kwahiyo tulimalize kwanza. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakatoa matokeo mwaka 2006, na kitu kinachoonekana mle ni jinsi watoto wanavyopishana. Kukaa bila kuegemea kitu, kuna wa miezi minne kasoro na kuna wa miezi tisa. Kutambaa kwa mikono na magoti, kuanzia miezi mitano hadi kumi na tatu na nusu. Kutembea mwenyewe, kuanzia minane hadi kumi na saba na nusu, na wote hao ni wazima kabisa. Tena kama watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa magoti hata siku moja, wengine walijiburuza kama wako halafu wakasimama wakaenda zao. Kwahiyo wa jirani yuko sawa na wako yuko sawa. Muweke chini muda mwingi awapo macho, kitu anachokipenda kiwe mbali kidogo na mkono wake, basi.

Sasa kilio. Alipokuwa na miezi minne alikuwa anakujua wewe vizuri tu, sauti yako na harufu yako, ila alikuwa bado hajachagua. Kuanzia kama miezi saba hivi mtoto anaanza kuwa na watu wake, na wakati huohuo kichwani kunafunguka jambo lingine, anagundua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Jaribu leo, chukua kidude chake kifunike na kitambaa mbele ya macho yake. Miezi michache nyuma angekisahau hapohapo, sasa hivi uwezekano mkubwa atakifunua. Haya, wewe ukipotelea nyuma ya mlango ni hivyohivyo, anajua upo mahali fulani, ila hajui utarudi baada ya dakika mbili au ndo umeondoka moja kwa moja, saa hana na maneno hana, kilichobaki ni koo. Yaani kulia huko ni hatua ya ukuaji kama kutambaa, tofauti ni kwamba kutambaa watu wanapiga makofi na hii wanakulaumu wewe. Mimi ningeanza kuulizauliza kama mtoto wa miezi kumi na moja au kumi na mbili hajali kabisa nani kaondoka na nani kaingia.

Hilo la kubebwa kumlegeza mtoto lina jibu la zamani sana. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa watoto, alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akawa anawatembelea akina mama na watoto wao majumbani, anaangalia tu na kuandika. Alichokiona ni kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake anamuacha pale alipokaa, anakwenda kuchokonoa vitu, anageuka kumtazama, anarudi kidogo, anakwenda tena. Uhakika ndo unampa ujasiri wa kuondoka. Baadaye, akiwa Baltimore kule Marekani, yeye na Silvia Bell walichapisha mwaka 1972 kwamba watoto walioitikiwa haraka walipolia miezi ya mwanzo walikuja kulia kidogo zaidi walipokaribia mwaka. Kuna wataalamu waliobishana nao, ni kweli, ila ile hofu ya kwamba ukimnyanyua akilia unamfundisha kulia, wao hawakuiona kwa watoto waliowaangalia.

Cha kufanya: usitoroke. Najua inashawishi, amegeuka pembeni unachomoka kimyakimya, lakini akigundua unaweza kuyeyuka muda wowote atakuganda zaidi. Mwambie mama anakuja, tumia maneno yaleyale kila siku, ondoka, na ukiwa huko ndani endelea kuongea naye asikie sauti. Cheza naye kujifunika uso na kujifunua, wengi wanaona ni utoto tu, kumbe ndo mazoezi yenyewe ya kupotea na kurudi. Mgeni akija akae kwanza apige stori na wewe, asimnyakue. Na nikuandae kabisa, hali hii huwa inapanda zaidi baada ya miezi kumi na inaweza kwenda mpaka mwaka na nusu ndo inapungua, kwahiyo ikizidi mwezi ujao usiseme ushauri umegoma.

Na siku ukichoka ukamuacha alie kidogo uko jikoni hujamharibu. Edward Tronick aliyechunguza sana nyuso za mama na mtoto wakicheza aliona hata wale wanaopatana vizuri muda mwingi wanapishana, mmoja anataka hiki mwingine yuko kule, kinachojenga ni kurudiana. Mama mkwe usibishane naye, mpe mjukuu ampakate wewe ukiwa umekaa hapohapo, akizoea utaona mwenyewe anavyombeba.

SWALI: Nafanya kazi mbali, narudi wikiendi. Binti yangu ana mwaka na miezi miwili, nikimbeba analia anamtaka mama yake au dada anayemlea, akianguka anamkimbilia dada. Naleta zawadi anachukua anakimbia. Nimechelewa? (Baba J)

JIBU: Hujachelewa kaka, na zawadi punguza. Mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walitoa utafiti wao wa watoto 60 wa Glasgow, wakakuta walipofika miezi 18 wengi walishikamana na zaidi ya mtu mmoja, na akina baba wakiwemo. Na aliyechaguliwa hakuwa lazima yule anayelisha au anayeshinda naye siku nzima, alikuwa yule anayemuitikia na kucheza naye. Hapo ndo pa kuingilia. Ukifika usimrukie, kaa chini sakafuni, shika kitu chake ukichezee mwenyewe, subiri aje, atakuja. Halafu chukua kazi moja iwe yako kila wikiendi, kumuogesha kwa mfano au kumlaza, na isibadilike. Simu iweke chumbani, maana mtoto akiongea na uso usiojibu anavurugika, hilo Tronick alilionyesha miaka ya 70, mama aliambiwa atulize uso tu kwa dakika chache na mtoto akahangaika kumrudisha mpaka akakata tamaa.

Kumkimbilia dada hajakuibia kitu. Omba tu dada asije akaondoka ghafla bila kumpisha mwingine taratibu, kwa mtoto ule ni msiba.

SWALI: Wangu ana miezi 8, alizaliwa wiki ya 34. Hajaweza kukaa peke yake. Tununue woka? (Mama Pili)

JIBU: Woka, kile kigari cha magurudumu mtoto anachokaa ndani akajisukuma kwa miguu, hapana. Haiharakishi kutembea, inaweza hata kuchelewesha, na inabiringika kwenye ngazi mtoto akiwa ndani, Kanada walipiga marufuku kuiuza tangu 2004. Kuhusu umri, aliwahi wiki sita, kwahiyo mhesabu kama wa miezi sita na nusu, na endelea kumhesabia hivyo mpaka afike miaka miwili. Kwa umri huo kutokukaa bado ni kawaida.

Ila kliniki usisubiri kama ametimiza miezi 9 ya hesabu hiyo bado hakai, au mwili umelegea sana au umekakamaa, au anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameutelekeza, au hageuki ukimuita, au mwaka umefika habwabwaji wala haonyeshi kitu kwa mkono, na hasa hasa kama alikuwa anaweza kitu halafu akaacha, hiyo ni umri wowote. Kabla ya kwenda mrekodi video nyumbani akicheza, maana wakifika mbele ya daktari wengi wanagoma kufanya chochote.