Digrii Nyuma ya Kuta: Maswali Yenu

Kaka yangu anatumikia miaka 6 gereza la Malindi. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, alipata D+. Ataweza digrii?

Kwa D+ hapiti moja kwa moja, dada. Mlango wa digrii ni C+. Anaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi: usajili ni mapema mwaka, karatasi za maandishi Novemba. Au apande ngazi: astashahada, stashahada, ndipo digrii. Sisi twapendelea ngazi, maana kila hatua ina cheti chake.

Kisha hesabuni miezi. Mfungwa mwenye bidii na nidhamu hupunguziwa thuluthi ya kifungo, basi 6 huwa 4 (kifungo cha maisha hakimo). Digrii yenyewe kwa kawaida ni miaka 4, na bado hajaanza. Kwa hivyo atamalizia uraiani, na hilo lipangwe tangu leo: chagueni chuo kinachosomesha kwa masafa, na kila muhula ukiisha ombeni matokeo yenye muhuri. Nakala moja ikae nyumbani kwa mama, si selini.

Bila intaneti wafungwa watasomaje?

Kwa karatasi. Chuo hutuma moduli zilizochapishwa, mwanafunzi hujibu kwa mkono, ofisa wa elimu gerezani hukusanya. Panapoharibika ni langoni: kitabu cha waya hung'olewa waya, kurasa zikachanganyika. Fungeni kwa gundi au uzi, muandike idadi ya kurasa kwenye jalada ili askari na mwanafunzi wahesabu pamoja. Flashi isiyotajwa kwenye barua ya idhini itabaki langoni, msigombane na mtu.

Kozi ya maabara muiache. Ya sheria yawezekana: magereza ya Kamiti na Lang'ata wako waliosoma sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London.

Mwanangu yuko gereza la Hindi, Lamu. Vitabu nivipitishe Amu, kisiwani?

La, mama. Hindi iko bara. Kifurushi kikitoka Kilifi au Malindi kishuke Mokowe, gati ya upande wa bara. Kikivuka hadi kisiwani kitalazimika kuvuka tena, na maji ya chumvi hayana urafiki na karatasi.

Mfungwa akihamishwa gereza la Shimo la Tewa katikati ya muhula?

Hili ndilo linaloua masomo kuliko hesabu ngumu. Mtu huhamishwa, faili lake la chuo likabaki, na siku ya mtihani jina liko kituo alichotoka. Kabla ya muhula kuanza, chuo kimwandikie ofisa msimamizi wa gereza tarehe za mitihani, kikiomba uhamisho usubiri hadi zipite. Barua haimfungi mkono, usalama una amri zake, lakini mara nyingi uhamisho hufanywa bila yeyote kujua kuna mtihani. Akihamishwa hata hivyo, chuo kiarifiwe wiki hiyohiyo kibadilishe kituo.

Wanangu hawajaiba kitu na karo imenishinda. Kwa nini mhalifu asomeshwe?

Uchungu wako twauelewa, bwana. Ila Katiba ya Kenya, kifungu cha 51, yasema mfungwa hubaki na haki zake isipokuwa zile zisizopatana na kufungwa kwenyewe, na elimu imo kifungu cha 43. Marekani waliwanyima wafungwa ruzuku ya karo mwaka 1994, wakairudisha Julai 2023. Na karo ya wanao usiichanganye na hii: ulizia basari ya kaunti na ya eneo bunge, fomu mbili tofauti.