Dogo hakuwa mkaidi, mi ndo nilikuwa namfundisha kulia

Nina daftari la madeni. Nauza dagaa na sato wa kukaanga hapa Kirumba, Mwanza, na ukifanya biashara ya samaki karibu na soko la Mwaloni lazima uwe nalo, nani kachukua nini, atalipa lini. Ila la kwangu ukiligeuza kwa nyuma unakuta mambo mengine kabisa, ya mwanangu: "Saa 1 usiku. Kabla: nimezima simu. Alichofanya: kajitupa chini, kagonga kichwa ukutani mara 3. Baada: nimempa simu." Ziko kurasa kumi na moja za hivyo na ukizisoma mfululizo unaona aibu, maana ule mstari wa mwisho ni nimempa, nimempa, nimempa.

Mwanangu ana usonji, ana miaka sita, maneno yake hayafiki ishirini. Zamani mi nilikuwa nasema mkaidi, ndugu wanasema karogwa, majirani wanasema hajachapwa akachapika. Kuna dada mmoja anafanya kazi na watoto wa hivi, ndo akaniambia mama, acha kuniambia mtoto yukoje, niandikie kimetokea nini kabla, kafanya nini, na kapata nini baada. Hayo matatu tu. Baadaye ndo nikajua huo ndo mwanzo wa kitu kinaitwa uchambuzi wa tabia, kwa Kiingereza Applied Behavior Analysis, wenyewe wanakifupisha ABA. Mizizi yake ni kwa Mmarekani mmoja B.F. Skinner aliyekuwa anafanya majaribio na panya na njiwa, kitabu chake cha kwanza kikatoka 1938, alafu mwaka 1968 wakina Baer, Wolf na Risley wakaandika ni vipi hayo mambo yatoke maabara yaje kusaidia watu kwenye maisha ya kawaida.

Neno la kwanza la kulielewa ni kuimarisha, na hapa wengi tunachanganya. Tunadhani ni zawadi. Sio zawadi, ni kitu chochote kinachokuja baada ya tabia kikafanya hiyo tabia ijirudie, hata kama wewe hukukusudia. Alafu kuna kuimarisha chanya na kuimarisha hasi, na hasi hapo haimaanishi kibaya wala haimaanishi adhabu, ni kama hesabu tu, kujumlisha na kutoa. Mi nimeielewa nikiwa jikoni nakaanga samaki: moshi unakuja usoni, nahamia upande wa pili, moshi unaacha, kesho yake bila hata kufikiri naanzia upande ule ule. Hakuna aliyenipa kitu, kimeondolewa kitu. Hiyo ndo hasi.

Sasa rudi kwenye daftari. Dogo analia anapewa simu, kwake hiyo ni chanya, kulia kunalipa. Na mimi je? Nikimpa simu kelele inakatika hapo hapo, napumua, jirani haji kugonga. Kwangu hiyo ni hasi na inanilipa vizuri sana. Yani usiku ule wote nadhani namlea mtoto kumbe yeye ananifundisha mimi kutoa simu, na nilikuwa mwanafunzi hodari, mwishoni nilikuwa natoa hata kabla hajafungua mdomo.

Kitu cha pili, tabia ina kazi. Kelele ni ile ile ila sababu sio ile ile. Mara nyingi ni moja ya nne: anataka kitu, anataka umuangalie, anataka kukikimbia kitu, au mwili wake wenyewe unapata raha fulani. Dukani kwa Mangi anataka pipi. Kwenye daladala ya Igoma nilidhani nako anataka pipi, namnunulia, anatupa, analia zaidi, kondakta ananiangalia kama nimemuibia mtoto. Daftari ndo likaonyesha kwamba analia gari likijaa na muziki ukiwa juu, saa nne asubuhi gari likiwa tupu hana shida. Kumbe anakimbia. Shule moja aliyoanzia walikuwa wakimtoa nje kila akipiga kelele, wanaona wamemuadhibu, na yeye kutoka nje ndo anachotaka, kwahiyo kila wiki kelele zinaongezeka na wao wanashangaa.

Ila kabla hujaanza kuchambua chochote mpeleke hospitali akaguliwe masikio na meno. Nasema hivi kwa uchungu. Kuna wiki mbili nzima nimeandika "kalia bila sababu", sababu ilikuwepo, sikio lilikuwa linatoa usaha ndani.

Basi nikaamua sitoi simu tena kwa kelele. Hiyo wanaiita kuzima tabia, unakata kile kilichokuwa kinailipa. Nilichokosa kuambiwa mapema, au niliambiwa sikusikia, ni kwamba kabla tabia haijazima huwa inalipuka kwanza. Siku ya kwanza kalia dakika 15. Ya pili 25. Siku ya tatu dakika 40 kwa saa ya ukutani, katapika, nimeweka mto ukutani asijiumize, mume wangu anasema mpe bwana mpe tulale. Nikampa. Jamani. Hapo nimemfundisha kwamba dakika 25 hazitoshi, zikifika 40 mlango unafunguka. Heri hata nisingeanza.

Na hiyo ya kutoa mara moja moja ndo mbaya kuliko kutoa kila siku. Waulize wavuvi wa dagaa. Wanaingia ziwani na taa zao usiku wa giza, leo wamepata, kesho wamerudi watupu, keshokutwa watupu tena, na bado jioni utawaona wanasukuma mtumbwi, kwa sababu hawajui ni usiku upi utatoa. Kama dagaa wangekuwa wanatoka kila siku alafu ghafla wakakata kabisa, watu wangeshtuka mapema wakatafuta kazi nyingine. Mtoto ni hivyo hivyo, na wacheza mikeka ni hivyo hivyo.

Yule dada hakunigombeza, aliniuliza tu, umemzuia kulia, sasa umempa nini badala yake aombee simu? Sikuwa na jibu. Mtoto hana maneno, kulia ndo lilikuwa neno lake, mi nataka kumnyang'anya neno alilonalo. Tukachapisha picha ya simu, tukaibandika kwenye kadi ya boksi, akinipa kadi anapata simu sekunde hiyo hiyo, mwanzoni kila mara bila kukosa, hata usiku. Mume wangu ndo anakaa nyuma yake anausogeza mkono wake kwenye kadi, huo msaada wanauita promti, na kila siku unaupunguza, leo unashika mkono, kesho kiwiko, keshokutwa unanyoosha kidole tu. Usipoupunguza anazoea kusubiri aguswe. Siku kadi zilipozidi kelele ndo tukaanza kufundisha "bado", kwanza sekunde tano, alafu kumi. Kelele hazijaisha, msije mkadhani nauza dawa, ila saivi daftari lina kurasa ambazo hazina kugonga kichwa ukutani hata mara moja.

Kuna upande wa hii kitu siupendi. Ivar Lovaas wa California, utafiti wake wa 1987 ndo uliifanya ABA ijulikane kwa watoto wenye usonji, saa 40 kwa wiki, na ndani ya mbinu zake kulikuwa na kufokea na kofi la paja. Watu wazima wenye usonji wamesema wazi walivyoumizwa, kulazimishwa kumtazama mtu machoni, kukatazwa kupunga mikono. Wangu anapunga mikono akifurahi na mi nimemwacha, haimdhuru mtu. Mtu akikwambia atamfundisha mwanao kwa kumnyima chakula au kwa fimbo, chukua mwanao uondoke.

Shida yangu ya sasa hivi ni kisiwani Ukerewe, kwa bibi yake. Hapa nyumbani anajua kunawa mikono mwenyewe, tulimfundisha kipande kwa kipande tukianzia mwisho, kwanza kujifuta tu, alafu kusuuza na kujifuta, mpaka tukafika kwenye kufungua koki ya ndoo. Tumefika kwa bibi yake, pale ni kopo na karai, kasimama anatafuta koki. Kwake kunawa ni ile ndoo, karai ni somo jingine, ikabidi tufundishe upya.

Na bibi mwenyewe ni somo jingine. Mjukuu akianza kukunja uso tu tayari pipi iko mkononi, ananiambia mayu, yani mama, huyu mtoto analia jamani. Nimegombana naye nimechoka. Sasa nimebadilisha, kila akinipigia kuniambia leo kalia na sijampa, ameleta kadi mwenyewe, namsifia wee alafu namrushia vocha ya elfu moja. Wiki hii kapiga mara nne.