Kumwombea marehemu mama Misa parokiani

Dada yangu, pole kwa msiba. Umeuliza kama hapa Jinja, Uganda, unaweza kumwombea marehemu mama yako Misa ilhali huna shilingi za kutosha kwa sadaka. Usiogope hata kidogo: Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 945, inawahimiza mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waamini (yaani yale wanayoombea), hasa maskini, hata wasipopokea sadaka, na kanuni ya 947 inakataza hata sura ya biashara katika sadaka za Misa.

Nenda ofisi ya parokia mapema, utaje jina la mama, tarehe na Misa ya saa ngapi, kisha utazame linavyoandikwa daftarini herufi kwa herufi. Jina la baba yangu liliwahi kusomwa kimakosa mbele ya ukoo mzima, na mpaka leo linaniuma. Ukitaka nia ya mama isiunganishwe na nyingine, sema waziwazi, kwa maana kanuni ya 948 inadai Misa ya pekee kwa kila sadaka iliyopokelewa, hata iwe ndogo. Usingoje tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, kwani nia huwa nyingi mno.